Mganga wa Kukodi

Nianze na aibu yangu, maana bila hiyo makala hii haina sababu ya kuandikwa.

Nikiwa darasa la sita, shule yetu ya msingi, shule ya kijijini tu wilayani Mbulu, iliandaa igizo la siku ya wazazi. Hadithi yake unaijua hata kama hukuwepo. Mtoto anaumwa. Mama anataka kumpeleka hospitali, baba anamwita mganga. Mganga anakuja na vibuyu, anatikisa njuga, anadai mbuzi mweusi, na mtoto anazidiwa. Mwishoni anatokea bwana afya mwenye shati jeupe, mtoto anapona, mganga anafukuzwa na watu wote wanapiga makofi. Mimi nilipewa nafasi ya mganga. Si kwamba nilikuwa na kipaji. Mwalimu alijua babu yangu ni mtu wa mambo hayo, yule ambaye sisi Wairaqw tunamwita qwaslarmo, akaona kwamba vifaa havitanisumbua.

Kweli havikunisumbua. Nilichukua kibuyu kimoja cha babu bila kuomba.

Siku hiyo nilijua kuchekesha, bwana. Nilipepesuka, nilitoa macho, nilisema Kiswahili kibovu kwa makusudi, kwa lafudhi ya wazee wetu ambao Kiswahili walikijia ukubwani. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Babu alikuwa amekaa mbele, kwenye benchi la wazee, amejifunga blanketi lake na fimbo ameiweka katikati ya magoti. Hakucheka. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Usiku, tukiwa jikoni kwa bibi, aliniuliza kwa Kiiraqw: yule mzee uliyekuwa wewe leo, anaitwa nani?

Nikamjibu, hana jina, aako. Ni mganga tu.

Ana watoto?

Sijui.

Ng'ombe je?

Sijui, aako.

Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia nikirudishe kibuyu mahali nilipokitoa. Hakulizungumzia tena jambo hilo mpaka alipofariki. Na mimi sikuwahi kumwomba radhi, kwa sababu wakati huo sikuona kama nimekosa. Nilikuwa nimeigiza tu.

*

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiswahili upande wa Dongobesh, na kila mwaka ndiye ninayesimamia kikundi cha maigizo. Mwaka jana mpwa wangu anayesoma chuo Dar es Salaam, akijua ninavyopenda picha za zamani, alinitumia filamu moja ya Kiingereza. Akaandika: "Mjomba, hii ya Tanganyika, itakufurahisha." Jina lake ni Men of Two Worlds, yaani watu wa dunia mbili. Ilitoka mwaka 1946, na mwongozaji ni Thorold Dickinson. Niliiangalia kwenye kompyuta ndogo ya ofisini, usiku, mvua ikipiga bati kiasi kwamba ilinibidi nivae visikizio.

Hadithi yenyewe ni hii. Kisenga ni mwanamuziki Mwafrika, mpiga piano, amekaa Uingereza miaka 15. Anarudi kwao Tanganyika kuwasaidia watu wake. Anakuta kabila lake limevamiwa na ugonjwa wa malale. Mkuu wa wilaya, Mzungu, anataka kijiji kizima kihame kwenda eneo lisilo na mbung'o. Watu wanasita, na anayewazuia ni mganga wao, Magole. Baba yake Kisenga anafariki, Magole anamtupia Kisenga lawama na laana, na yule msomi wa London anaanza kudhoofika kweli, kwa hofu, mpaka karibu ya kufa. Anakuja kuzinduka kwa kusikia muziki wake mwenyewe ukiimbwa na watoto. Magole anashindwa, watu wanahama.

Yaani ni igizo letu la darasa la sita. Limepigwa kwa rangi, kwa gharama kubwa, na muziki umetungwa na Arthur Bliss, mmoja wa watunzi wakubwa wa Uingereza wa zama zile, lakini ni lilelile.

Nikiri kwamba mwanzoni nilicheka. Kijiji chao kinaitwa Marashi. Nani huyo aliyekaa London akaamua kuita kijiji cha Tanganyika Marashi? Hata kile kipande cha piano anachopiga Kisenga kinaitwa "Baraza". Kabila lao, Walitu, halipo popote. Dickinson alikuja kweli Tanganyika mwaka 1943, wakati wa vita, pamoja na mwandishi Joyce Cary, kutafuta hadithi na mandhari. Zipo picha zilizopigwa huku kwetu, lakini kazi ilikumbwa na matatizo mengi, na sehemu kubwa ya filamu ikaja kupigwa ndani ya studio za Denham, Uingereza, kwa waigizaji weusi waliokuwa wakiishi kule. Kisenga aliigizwa na Robert Adams, mzaliwa wa Guyana. Kwa hiyo unachokiona ni Tanganyika ya mbao na rangi, yenye watu wa Karibi na Afrika Magharibi wanaozungumza Kiingereza kizuri kuliko mkuu wetu wa shule.

Halafu akatokea Magole, na kicheko kikaniisha.

Sijui nieleze vipi. Ni mtu mrefu, mpana, wa umri wa kati. Amevalishwa yale yale tuliyovaa sisi, makorokoro ya mganga wa sinema. Lakini hapepesuki na wala hatoi macho. Anasimama. Sauti yake inatoka chini kabisa, nzito, na haina haraka, kama sauti ya mtu aliyezoea kwamba akianza kusema wengine hunyamaza. Anapomtazama Kisenga hamtazami kama adui anavyomtazama steringi. Anamtazama kama mzee anayemtazama mtoto wa jirani aliyerudi kutoka mjini na maneno mengi.

Mimi sauti hiyo naijua. Wairaqw tuna slufay, ile dua ndefu ambayo mzee huitoa mbele ya mkutano, akibariki ardhi, mifugo, watoto na mvua, na watu humwitikia kwa pamoja. Anayejua kutoa slufay hapazi sauti. Anaiweka mahali pamoja na kuiacha ifanye kazi. Babu alikuwa hodari wa slufay. Na huyu bwana ndani ya kompyuta, ambaye nina hakika hakuwahi kusikia neno hilo maishani mwake, alikuwa ameiweka sauti yake mahali palepale.

Nikasimamisha filamu, nikarudi mwanzo kusoma majina. Orlando Martins.

*

Tangu usiku ule nimemfuatilia kwa miezi kadhaa, kidogo kidogo kadiri bando lilivyoruhusu. Si mtu maarufu siku hizi. Lakini miaka ya 1940 na 1950, ukienda kuangalia filamu yoyote ya Kiingereza inayohusu Afrika, uwezekano wa kukutana naye ulikuwa mkubwa. Hakuwa steringi. Alikuwa yule mtu wa tatu au wa nne, mwenye dakika chache, ambaye ukitoka ukumbini jina lake hulikumbuki ila sura yake unayo.

Alizaliwa Lagos, Nigeria, tarehe 8 Desemba 1899. Wakati wa Vita vya Kwanza alikwenda Uingereza na kuingia baharini. Vita vilipokwisha alibaki London, na London ya wakati ule haikuwa na kazi ya kumpa mtu mweusi hivi hivi. Akafanya alichopata. Alibeba samaki katika soko la Billingsgate. Alikuwa mlinzi wa usiku. Alicheza na nyoka kwenye sarakasi. Alipigana mieleka kwa jina la Black Butcher Johnson, yaani Johnson Mchinjaji Mweusi. Hebu lifikirie jina hilo. Kabla hata hajawa mwigizaji alikwishajifunza kwamba mtu mweusi mwenye mwili mkubwa analipwa akikubali kuwa wa kutisha.

Jukwaani alianzia chini kabisa, kuwa mmoja wa kundi linalosimama nyuma. Mwaka 1935 akaonekana kwenye filamu ya Sanders of the River, ambayo nyota wake alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi. Filamu hiyo inamsifu mtawala wa kikoloni aliyewatuliza "watoto" wake Waafrika. Robeson mwenyewe alikuja kuikana hadharani. Na katika lile kundi la Waafrika waliokodiwa kuwa wanakijiji alikuwemo kijana mmoja Mkikuyu aliyekuwa akisoma London na kuhangaika na kodi ya nyumba. Ndiyo, Jomo Kenyatta. Kwa hiyo kabla hujamlaumu Orlando Martins, kumbuka alikuwa foleni moja na mtu aliyekuja kuwa rais wa Kenya, wote wakisubiri posho.

Mwaka uliofuata, 1936, alipata kitu tofauti. C.L.R. James, mwandishi kutoka Trinidad, aliandika tamthilia juu ya Toussaint Louverture na mapinduzi ya watumwa wa Haiti, ikaonyeshwa katika ukumbi wa Westminster, London. Robeson alikuwa Toussaint. Martins alikuwa Boukman. Hapa nilikaa sawasawa kwenye kiti, kwa sababu Boukman katika historia ndiye kiongozi wa dini aliyewakusanya watumwa usiku, wakafanya ibada na kula kiapo, na siku chache baadaye mashamba ya miwa yakaanza kuungua. Kwa maneno mengine, Boukman ni mganga. Ni yuleyule Magole, mzee wa mizimu anayewazuia watu wake wasimtii Mzungu. Tofauti ni kwamba hii iliandikwa na mtu aliyemjua mzee huyo ana jina, ana watu, na ana sababu.

Tamthilia ile ilionyeshwa mara chache tu na kuisha. Magole alikuja miaka 10 baadaye na akazunguka dunia. Marekani waliiuza filamu hata kwa jina la Witch Doctor, Mganga wa Kienyeji. Lakini mimi naamini, na hili ni la kwangu, halipo kwenye kitabu, kwamba Martins alipovalishwa yale makorokoro kule Denham alimchukua Boukman akamwingiza ndani ya Magole bila kumwambia mtu. Kwenye karatasi alipewa mchawi. Akaigiza kiongozi.

*

Sasa, je, ilitosha?

Wapo waliosema hapana tangu wakati uleule. Chama cha Wanafunzi wa Afrika Magharibi mjini London, WASU, kililalamika kwa Wizara ya Makoloni juu ya hadithi ya filamu ile kabla haijakamilika, kwamba inamdhalilisha Mwafrika. Walikuwa sahihi. Haijalishi Martins anasimama vizuri namna gani, mwisho wa filamu Magole lazima ashindwe na mkuu wa wilaya awe ndiye aliyeona mbali. Steringi hafi, tulikuwa tukisema utotoni, na adui hana ujanja.

Kinachonikera zaidi ni jambo ambalo mtu wa London asingeweza kulijua na mtu wa Mbulu hawezi kutolijua. Filamu inasema Mwafrika hajui habari ya mbung'o mpaka aelezwe. Sisi Wairaqw tumetoka kule juu, Kainam na milima yake, tukashuka na kusambaa kwa kufyeka misitu yenye mbung'o kwa mikono yetu. Kweli, serikali ya kikoloni ilikuwa na mipango yake ya kufyeka, na baada ya Vita vya Pili ikaja na mpango wa maendeleo wa Mbulu uliochanganya kufyeka mapori na kupunguza ng'ombe, na wazee waliulipia kwa jasho na kwa mifugo. Lakini aliyeshika panga ni nani? Haydom, ambako leo watu wanatoka mikoa mingine kufuata hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa pori la mbung'o. Babu alikuwa akisimulia namna walivyokwenda kufyeka wakiimba, wakitanguliwa na wazee kuomba ruhusa kwa ardhi. Yaani yule qwaslarmo, Magole wetu, hakuwazuia watu kwenda. Yeye ndiye aliyeambiwa kwanza, na bila yeye watu wasingekwenda.

Hiyo nayo ingekuwa filamu. Hakuna aliyeipiga.

Na usidhani hadithi ile ilikufa na mkoloni. Ukitoka Mbulu ukashuka Hanang, uliza Basotu. Miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda zile, jumla yake ikakaribia ekari laki moja. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Taifa lilihitaji mkate, na hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini kwa mujibu wa maelezo rasmi ya siku zile, wafugaji wale ni watu wa nyuma wanaopinga maendeleo, na wazee wao ndio wabaya zaidi. Trekta zilipita mpaka juu ya makaburi, bung'eda, vile vichuguu ambavyo Wabarabaig huwajengea wazee wao wanaoheshimiwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, jambo ambalo Magole hakuandikiwa kulifanya. Mahakama Kuu iliwasikia, Mahakama ya Rufani ikaja kuipindua hukumu ile. Kule nako alikuwepo bwana mkubwa wa kuona mbali, ila safari hii alikuwa mweusi kama sisi.

Lakini nisimalizie hapo kwa raha, kwa sababu ningekuwa nawadanganya. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikaizika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu wengi walikufa, kati yao wapo niliokuwa nikiwasalimia mnadani. Baada ya hapo ilibidi familia zihamishwe, na nyumba mpya zikajengwa Waret. Nilikwenda kuwaona ndugu wa mke wangu. Mzee mmoja pale aliniambia hataki kuhama, na hoja zake zote nilizielewa. Hata hivyo nilimwomba ahame. Nilijisikia kama mkuu wa wilaya wa kwenye filamu. Kwa hiyo sisemi kwamba anayesema hameni siku zote ni mwongo. Malale yanaua, na mlima nao umeua. Ninachosema ni kwamba mzee yule wa Katesh ana jina, ana watoto 6, na alikuwa na ng'ombe 11 kabla ya ile asubuhi. Nilimuuliza.

*

Baada ya Magole, Martins hakukosa kazi. Katika The Hasty Heart, kwanza jukwaani London mwaka 1945 na kisha filamu ya mwaka 1949, alikuwa askari Mwafrika aliyelazwa hospitali ya kijeshi huko Burma pamoja na wagonjwa Wazungu. Mmoja wao kwenye filamu ni Ronald Reagan, ndiyo, huyohuyo wa Ikulu ya Marekani. Katika hadithi hii Martins karibu hasemi. Wenzake wanamwita Blossom, Ua, kwa sababu hilo ndilo neno pekee la Kiingereza alilonalo. Burma walikufa askari wa KAR kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, watu waliokuwa na lugha tatu tatu mdomoni, lakini kwenye filamu Mwafrika ni bubu anayetabasamu na kutoa zawadi ya shanga. Na bado, ukimwangalia, hutamwangalia mwingine.

Kisha zikafuata filamu za huku kwetu. Where No Vultures Fly ya 1951, inayohusu kuanzishwa kwa hifadhi ya wanyama Kenya, na mwendelezo wake West of Zanzibar ya 1954. Katika zote mbili ni M'Kwongwi, jina ambalo sijui mtu yeyote Afrika Mashariki angelitamka vipi. Katika Simba ya 1955, filamu ya Mau Mau, kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa hivi tu: Headman. Jumbe. Hana jina. Hapo nilimkumbuka babu na swali lake, nikafunga kompyuta.

Mtu huyu alifanya kazi miaka zaidi ya 30 Uingereza. Aliwahi kubeba samaki na nyoka, alisimama jukwaa moja na Robeson, na mwisho wa yote karani wa studio anaandika "jumbe" anaona inatosha. Wazungu wa kariba yake, wale waigizaji wa dakika tano tano, nao walikuwa na kifungo chao: mmoja daima ni mhudumu wa hoteli, mwingine daima ni polisi mpole. Lakini mhudumu akitoka studio anapanda basi hakuna anayemwogopa. Martins alikuwa akitoka na sura yake, na sura yake ndiyo waliyokuwa wakiiuza.

Alirudi Lagos kuishi, na bado akaonekana mwaka 1970 katika Kongi's Harvest, filamu iliyotokana na tamthilia ya Wole Soyinka, iliyopigwa Nigeria. Miaka 35 baada ya Sanders of the River, alikuwa ndani ya hadithi ya Kiafrika iliyoandikwa na Mwafrika. Mwaka 1983 Takiu Folami alimwandikia kitabu. Alifariki Lagos tarehe 25 Septemba 1985. Nilikuwa mtoto mdogo, sijaanza hata shule, wala sijakichukua kile kibuyu.

*

Mwaka huu kidato cha tatu wana igizo. Nililiandika mwenyewe, na nilipolisoma tena baada ya haya yote nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto anaumwa. Mama anataka hospitali. Baba anamwita nani? Miaka yote hii nafundisha, na nimeandika lilelile.

Sikulitupa. Hospitali ni jambo la kweli, na mimi mwenyewe mwanangu alizaliwa Haydom kwa upasuaji, bila madaktari wale nisingekuwa naye. Ila kijana niliyempa nafasi ya mganga, mtoto mmoja mtundu wa Hanang, mama yake Mbarabaig, siku ya kwanza ya mazoezi alikuja na manyoya ya kuku kichwani akaniuliza, "Mwalimu, nitoe macho?"

Nikamwambia avue manyoya kwanza, akakae chini, na asirudi mazoezini mpaka mzee huyo awe na jina.

Alirudi baada ya siku mbili. Amempa jina la babu wa mama yake. Ana wake wawili, ana watoto 7, ng'ombe aliokuwa nao walikuwa wengi lakini eneo lao la malisho lilichukuliwa. Na ana kitu kingine ambacho mimi sikukifikiria: mtoto wake wa kwanza alimpeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu, usiku, akakuta hakuna dawa. Ndiyo maana sasa hataki. Nilimuuliza hayo ameyatoa wapi. Akasema, "Nilimuuliza bibi, mwalimu. Akanieleza mpaka saa nne."

Igizo limerefuka kwa robo saa. Mzee wa watu amekuwa na maneno mengi, na kijana ameacha kusema Kiswahili kibovu. Anasema polepole tu. Kuna mahali anakaa kimya na kumtazama bwana afya, na wenzake wanaofanya mazoezi ya kwaya dirishani huwa wanaacha kuimba.

Anayelalamika ni bwana afya. Ni kijana mzuri, amefua shati lake jeupe tayari. Jana alinifuata ofisini akasema, "Mwalimu, sasa hivi watu hawatajua wamshangilie nani."

Nimemwambia ajifunze maneno yake vizuri, siku ya wazazi tutaona. Benchi la wazee litawekwa mbele, kama kawaida.